Kupima sumu ya matope ya pwani kwa kutumia amfipodi: mwongozo kamili wa jaribio la siku 10

Karatasi ya majibu ya kemia inaweza kukuonyesha matope ya bandarini yana shaba na risasi kibao, ukategemea kila kinachoishi humo kimeshakufa, kumbe wapo wanadunda tu. Kemia inapima kilichopo, haipimi kinachomfikia mnyama. Metali nyingi kwenye matope yasiyo na oksijeni zinashikwa na salfaidi zinatulia palepale, mafuta na viuatilifu vinang'ang'ania kwenye mabaki ya viumbe yaliyooza, na mara nyingi kile kidogo kilichoyeyuka kwenye maji yaliyonaswa katikati ya chembe ndo kinacholeta balaa. Na kinyume chake kipo pia, matope yanatoka safi kwa kila ulichopima halafu wanyama wanakufa, kwasababu sumu yenyewe haikuwemo kwenye orodha ya vipimo ulivyolipia.

Ndo maana tunamuuliza mnyama mwenyewe. Anayetumika zaidi ni amfipodi, kikrasteshia kidogo (jamaa wa kamba na kaa) cha milimita chache hivi, kimebanwa ubavuni na kinajikunja mgongo, kinaishi ndani ya matope au kwenye kijimrija alichojijengea mwenyewe, yaani maisha yake yote yamegusana na hicho unachotaka kukipima. Jaribio lenyewe kwa maelezo ni rahisi: weka matope kwenye bika (kikombe cha kioo cha labu), weka maji ya bahari juu, tia wanyama 20, subiri siku 10, hesabu waliobaki hai. Ugumu uko kwingine. Mnyama akifa hakuambii kafa na nini, na vitu vinavyoweza kumuua visivyohusiana kabisa na uchafuzi ni vingi, kwahiyo karibu kila hatua ninayoieleza hapa chini ipo ili mwisho wa siku usije ukabebesha kiwanda cha watu lawama ambazo zilikuwa za amonia ya kawaida au chumvi iliyokosewa.

Chagua mnyama kabla hujaenda kuchota chochote

Watu wengi wanachota kwanza, mnyama baadaye. Fanya kinyume. Kila spishi ina matope inayoyapenda na chumvi inayoivumilia, ukikosea hapo jaribio limekufa kabla halijaanza.

Zile zilizozoeleka kwenye miongozo ya shirika la mazingira la Marekani (mwongozo wao mkubwa wa jaribio la siku 10 ulitoka 1994) ni nne. Rhepoxynius abronius ndo mkongwe wao, jaribio lake lilichapishwa 1985 na ndilo lililofungua njia kwa mengine. Huyu anapimwa kwenye nyuzi 15 za Selsiasi na chumvi ya sehemu 28 kwa elfu, ni mnyama wa mchangani, kwahiyo ukimtia kwenye tope laini kabisa anaweza kufa hata kama hakuna sumu yoyote. Eohaustorius estuarius naye nyuzi 15 lakini chumvi 20, huyu anavumilia mchanga mpaka tope na anavumilia pia mabadiliko makubwa ya chumvi, ndo maana anapendwa kwa sampuli za midomo ya mito. Ampelisca abdita ni nyuzi 20 na chumvi 28, anajenga mirija, anapenda tope laini na mchanga mtupu haumfai. Leptocheirus plumulosus ni nyuzi 25 na chumvi 20, anakubali aina nyingi za matope na uzuri wake mkubwa anafugika labu kizazi baada ya kizazi. Ulaya wamezoea zaidi Corophium volutator, na kuna kiwango cha kimataifa cha jaribio la siku 10 la amfipodi, ISO 16712 cha mwaka 2005.

Sasa kama bahari yako haina hata mmoja wa hao, una njia mbili. Ya kwanza kuagiza, ambapo unahitaji vibali na unahitaji nidhamu ya kutomwachia hata mmoja aende baharini, ukimaliza wanauawa na maji yanatibiwa. Ya pili ni kutafuta spishi ya kwenu. Mimi napendelea ya pili ila sio kazi ya wiki moja: lazima anachimba au anajenga mrija kwenye matope, awe anapatikana kwa wingi mwaka mzima, aweze kukaa labu bila kufa ovyo, halafu umpime kwanza kwenye matope safi ya aina zote, kuanzia mchanga mpaka tope la ulaini wote, ujue anavumilia wapi na anaishia wapi. Bila hiyo kazi ya awali huna msingi wa kutafsiri chochote.

Piga hesabu ya wanyama mapema

Kila sampuli inataka bika 5, kila bika wanyama 20, kwahiyo 100 kwa sampuli. Tuseme una vituo 6, ongeza kontroli moja na matope ya rejea moja (tofauti yake nitaieleza chini), hapo ni 800. Bado hujaweka wa jaribio la sumu ya marejeo (la kuangalia kundi lako linahisi sumu kama kawaida, nalo liko chini), hao weka kama 120. Halafu ongeza theluthi nzima juu yake, maana wakati wa kuchagua utawatupa wengi: wenye mayai, wakubwa sana, wadogo sana, waliopoteza miguu, wanaozubaa. Saizi inayotakiwa kwa Rhepoxynius, Eohaustorius na Ampelisca ni milimita 3 mpaka 5, Leptocheirus 2 mpaka 4. Ampelisca dume lililokomaa usilichukue kabisa, yale yanakufa yenyewe baada ya kupandana na utakuja kudhani ni sumu.

Kuchota matope

Tumia chombo cha kuchotea chenye taya mbili kinachoshushwa kwa kamba, kama Van Veen, au mkono na kijiko cha plastiki kigumu kama ni eneo linalokauka maji yakipwa. Unachotaka ni tabaka la juu, wengi wanachukua sentimita 2 za mwanzo kwasababu ndo taka za karibuni zilipo na ndo viumbe wanapoishi. Chombo kikipanda kikiwa hakijafunga vizuri na maji yanachuruzika pembeni, mwaga urudie, kwasababu yale maji yanaondoka na chembe laini zote za juu ambazo ndo hubeba sumu nyingi. Maji yaliyobaki juu ya matope kama yako tulivu na hayajachafuka sana ujue umepata kipande kizima.

Chota ya kutosha. Bika 5 zinakula kama mililita 875, ila ukiweka ya kemia, ya saizi ya chembe, ya kaboni ogani (kaboni itokanayo na mabaki ya viumbe), ya kupimia amonia na ya akiba, lita 3 au 4 kwa kituo ndo salama. Jaza chupa mpaka juu usiache hewa nyingi, maana oksijeni ikiingia salfaidi zinaoksidika na metali zilizokuwa zimefungwa zinaachiwa, utakuwa umebadilisha sumu ya sampuli ukiwa njiani. Weka kwenye barafu, ukifika weka kwenye friji nyuzi 4, gizani, usigandishe. Kugandisha kunavunja muundo wote wa matope. Anza jaribio ndani ya wiki 2 ukiweza, wiki 8 ndo mwisho.

Hapohapo andika chumvi ya maji ya ndani ya matope, rangi, harufu, na kama kuna utando wa mafuta. Harufu ya mayai viza sio pambo la ripoti, ni salfaidi, na salfaidi inaua amfipodi bila msaada wa kiwanda chochote.

Na vaa glavu. Matope ya mifereji ya mji yana vijidudu vya kinyesi pamoja na hayo madini, watu wanajali sumu wanasahau kipindupindu.

Kontroli na rejea sio kitu kimoja

Hapa pamechanganya wengi. Kontroli ni matope kutoka pale pale wanyama walipokusanywa, au yale wanayofugiwa, na kazi yake ni kukuthibitishia kwamba wanyama wako wazima na wewe umefanya kazi vizuri. Rejea ni matope ya eneo safi lakini yanayofanana na sampuli zako kwa ulaini wa chembe, chumvi na kaboni ogani, kazi yake ni kukuonyesha mnyama huyu angefanyaje kwenye matope ya aina hii kama yasingekuwa na uchafuzi. Ukiwa na kontroli ya mchanga halafu sampuli zote ni tope, na huna rejea ya tope, basi tofauti yoyote utakayoiona huwezi kujua ni sumu au ni tope.

Kuwapokea wanyama na kuwazoesha

Wakifika, pima kwanza joto na chumvi ya maji waliyokuja nayo. Usiwamwage moja kwa moja kwenye tanki lako. Wapeleke polepole, joto lisibadilike zaidi ya nyuzi 3 kwa siku, na chumvi nayo kidogo kidogo. Wape matope yao ya nyumbani wajichimbie, hewa ya kutosha, na angalau siku 2 kwenye hali ileile ya jaribio kabla ya kuanza, ila usiwaweke zaidi ya siku 10 hivi kama ni wa kukusanywa baharini. Kama zaidi ya asilimia 5 wamekufa kwenye saa 48 za mwisho, achana nao, agiza kundi lingine. Inauma kwasababu ya gharama na muda, lakini kundi legevu litakuangushia kontroli siku ya 10 na hapo utakuwa umepoteza sampuli pia.

Siku moja kabla: kupanga bika

Vioo vioshwe kwa sabuni, suuza, asidi ya asilimia 10, suuza, asetoni, halafu maji yaliyoondolewa madini mpaka uchoke. Bika za lita 1.

Toa sampuli kwenye friji, changanya kabisa pamoja na yale maji yaliyojitenga juu (usiyamwage, ni sehemu ya sampuli), mpaka rangi na ulaini viwe sawa kote. Pitia kwa macho utoe wadudu wakubwa, minyoo, kaa, vipande vya kombe. Amfipodi wa kwenye sampuli yenyewe ndo hatari zaidi, siku ya 10 utawahesabu kama wako, utapata bika yenye wanyama 23 hai kati ya 20 ushindwe kuelezea. Kama wapo wengi sukuma matope kwenye chekeche kavu kavu, bila kuosha kwa maji, kwasababu maji yanaondoka na kila kitu ulichotaka kupima.

Weka mililita 175 kwa kila bika, hiyo inakupa kina cha sentimita 2 hivi, lainisha uso kwa kugonga bika kidogo. Maji ya juu yawe ya bahari yaliyochujwa, chumvi imeshawekwa sawa. Namna ya kumwaga ndo kazi: kata duara la plastiki linaloingia kwenye bika, lifunge uzi, lilaze juu ya matope, mwaga maji taratibu juu ya lile duara huku ukilivuta juu kadri maji yanavyopanda, mpaka ufike kwenye alama ya kama mililita 975. Suuza duara kabla hujahamia sampuli nyingine, au tumia duara lake kwa kila sampuli. Ukimwaga hovyo matope yanatibuka yote na asubuhi utakuta tabaka laini limekaa juu ya zito, sio matope uliyoyachota tena.

Funika bika, washa hewa polepole kupitia pipeti ya kioo, mapovu kama 100 kwa dakika, ncha ikae juu ya matope isiyachimbe. Acha mpaka kesho yatulie.

Wapi bika ikae usichague kwa mkono, tumia namba za bahati nasibu, na bandika namba tupu zisizoonyesha kituo. Anayehesabu siku ya mwisho asijue hii ni ya bandarini au ya kontroli. Sio kwamba hatumwamini, ila jicho la mtu anayejua anategemea kuona maiti litaona maiti.

Tengeneza na bika ya ziada kwa kila sampuli, hii itavunjwa kupimia maji ya ndani ya matope mwanzoni, na nyingine ya mwisho, kwasababu huwezi kuchimba bika yenye wanyama wa jaribio ukapima halafu ukairudisha.

Amonia, tukae hapa kidogo

Kama kuna kitu kimoja kinachoharibu majaribio haya ni amonia. Inatokea yenyewe matope yakioza, hasa yale meusi yenye kaboni nyingi, na kadri sampuli inavyokaa friji ndo inavyoongezeka. Kabla ya kutia wanyama pima amonia jumla kwenye maji ya ndani ya matope, pamoja na pH (kipimo cha uasidi) na joto. Mipaka inayotumika: kwa Rhepoxynius na Ampelisca amonia jumla isizidi miligramu 30 kwa lita, kwa Eohaustorius na Leptocheirus isizidi 60. Kwa ile isiyo na chaji, ambayo ndo kali zaidi, ni 0.4 kwa hao wawili wa kwanza na 0.8 kwa wawili wa mwisho, kwenye pH ya 7.7.

Kwanini pH? Kwasababu amonia inabadilika umbo kutegemea nayo, pH ikipanda kwa kizio kimoja ile kali inaongezeka karibu mara 10. Kwahiyo namba ya amonia jumla bila pH haina maana kubwa, na mtu akikuletea ripoti ina amonia haina pH mrudishie.

Kama imezidi, usianze. Badilisha maji ya juu mara mbili kwa siku kwa kuyanyonya taratibu na kuweka mengine, endelea mpaka ishuke chini ya mpaka. Na hii watu wanaisahau: kontroli na rejea nazo uzibadilishie maji hivyohivyo kwa siku zilezile, maana unaweza kuwa unaosha na sumu nyingine pamoja na amonia, lazima zote zitendewe sawa. Kama unachochunguza kinayeyuka haraka kwenye maji basi kuosha huku kutakupunguzia ushahidi, iandike kwenye ripoti wazi.

Siku ya 0: kutia wanyama

Watoe kwenye matope yao kwa chekeche la milimita 0.5 na maji ya bahari, waweke kwenye trei pana yenye maji. Chagua wanaochangamka kwa pipeti yenye mdomo mpana, mdomo mwembamba unawavunja miguu. Weka 20 kwenye kikombe kidogo, mtu mwingine ahesabu tena kabla ya kumimina, kwasababu ukikosea hapa umeiharibu bika nzima na hutagundua mpaka siku ya 10. Gawa kwa zamu kwa bika zote, usijaze kituo kimoja kwa wale wa mwanzo waliokamatika kirahisi, mara nyingi wa mwanzo kukamatika ndo wale wanyonge.

Sasa zima hewa kwa muda, mimina, na angalia. Wengine watanasa kwenye utando wa juu wa maji, utawaona wamelala ubavu juu juu wanapiga miguu hawazami. Wadondoshee matone ya maji kwa pipeti juu yao, watazama. Wazima wanashuka wakigusa matope tu wanaanza kuchimba, kichwa kinaingia, mgongo unafuata, na baada ya muda mfupi unaona matope yametikisika kidogo tu hakuna mnyama. Wasiochimba ndani ya dakika 5 mpaka 10 wabadilishe kwa wengine. Isipokuwa hivi: kama anaingia anatoka anaingia anatoka, huyo usimtoe, huyo anakwepa matope, na kukwepa ni jibu tayari. Iandike.

Siku 10 za kusubiri

Taa iwake saa 24. Sababu ni kwamba wengi wa hawa huogelea usiku, gizani watatoka kwenye matope wakakae majini na watakuwa wanapata sumu kidogo kuliko inavyotakiwa, mwanga unawabakisha chini. Chakula hawapewi, hili ni jaribio fupi.

Joto pima kila siku. Chumvi, pH, oksijeni na amonia ya maji ya juu pima mwanzo na mwisho, mimi napendelea na katikati pia maana haigharimu kitu. Kila siku pita bika zote uangalie hewa kama inatoka, andika wangapi wanaelea, wangapi wamelala juu ya matope, maganda waliyovua. Ganda lililovuliwa ni jeupe lina uwazi, halina nyama, usiliandike kama maiti. Waliokwama juu ya maji wadondoshee maji tena. Hewa ikikatika usiku usinyamaze, pima oksijeni ya bika hiyo kabla hujawasha, andika namba. Bika ambayo oksijeni ilishuka sana haihesabiki, na bora ukose bika moja kuliko ubaki na jibu la uongo.

Sambamba na hili endesha jaribio la sumu ya marejeo, maji matupu bila matope, saa 96, kadimiamu kloridi kwa viwango 5 na kontroli yake. Lengo ni kupata LC50, yaani kiwango kinachoua nusu ya wanyama, halafu unakilinganisha na LC50 zako za nyuma kwenye chati. Ikiangukia nje ya mikengeuko sanifu 2 juu au chini ya wastani wako, kundi hili linahisi sumu kupita kawaida au limekuwa sugu, na matokeo yote yasomwe kwa tahadhari. Kadimiamu ni sumu kwako pia, taka zake usimwage kwenye sinki.

Siku ya 10: kuhesabu

Chukua bika moja moja, mwaga kwenye chekeche la milimita 0.5, osha kwa maji ya bahari ya joto lilelile na chumvi ileile. Sio maji ya bomba, utawaua wewe. Kwa Ampelisca na Leptocheirus kuna mirija, vijibomba laini vya tope vimeshikamana kwenye chekeche, fungua kila mmoja kwa kibano taratibu, wengi watakuwa wamejificha humo. Aliyehesabu haraka bila kufungua mirija ataripoti vifo ambavyo havikutokea.

Mnyama asiyejongea sio lazima amekufa. Mguse kwa ncha laini, msogeze chini ya maikroskopu ya kukuza mara 10, angalia vijimiguu vya kuogelea vilivyoko tumboni. Kikitikisika kimoja hata mara moja, yuko hai. Usipoona kitu kabisa, amekufa. Na wale ambao huwaoni kabisa, 20 waliingia umepata 14 hai na maiti 2, hao 4 waliopotea wanahesabiwa wamekufa, maiti za amfipodi zinaoza au kuliwa na wenzao haraka sana. Ndo maana hesabu ya siku ya 0 ilibidi ifanywe na watu wawili. Ili ujue jicho lako likoje, mtu wa pili apitie tena mabaki ya baadhi ya bika ulizomaliza.

Kuna kipimo cha nyongeza nakipenda: wale waliobaki hai uwatie kwenye matope safi ya kontroli, subiri saa moja, hesabu wameshindwa wangapi kujichimbia. Amfipodi asiyeweza kujichimbia baharini ni chakula cha samaki siku hiyohiyo, kwahiyo hata kama yuko hai kwenye karatasi, kwa maana halisi ameshaondoka.

Kusoma majibu

Kitu cha kwanza kabisa, kontroli. Wastani wa walio hai lazima ufike asilimia 90 au zaidi, na hakuna bika moja ya kontroli iliyo chini ya 80. Ikishindikana, hakuna cha kujadili, jaribio linarudiwa. Usianze kutafuta visingizio vya kuokoa data.

Ikipita, linganisha. Tuseme kontroli bika zake ni 19, 20, 19, 18, 20, jumla 96 kati ya 100. Kituo A ni 13, 11, 14, 12, 11, jumla 61. Kituo B ni 17, 18, 16, 17, 16, jumla 84. Geuza uwiano wa kila bika kwa arksaini ya kipeuo cha pili, halafu fanya jaribio la kitakwimu la t, au lile la Dunnett kama unalinganisha vituo vingi na kontroli moja, kwa kiwango cha 0.05. Vituo vyote viwili hapa vitatoka na tofauti yenye maana kitakwimu. Lakini A ukigawa kwa kontroli ni 61 kwa 96, asilimia 64 hivi. B ni 84 kwa 96, asilimia 87.5. Kanuni inayotumika sana inataka vyote viwili, tofauti ya kitakwimu na pia walio hai wawe chini ya asilimia 80 ya kontroli, ndo uite matope yana sumu. Kwa hiyo A ndiyo, B hapana, ingawa B mimi ningeiweka jicho. Takwimu peke yake kwenye jaribio lenye bika zinazofanana sana inaweza kukuonyesha tofauti ndogo isiyo na uzito wowote baharini.

Kabla hujaandika neno sumu kwenye ripoti ya kituo A, pitia haya: amonia ilikuwa chini ya mpaka? pH yake ilikuwaje? Ulaini wa chembe uko ndani ya uvumilivu wa spishi hii? Chumvi ya maji ya ndani? Oksijeni haikushuka? Rejea yenye matope ya aina hiyohiyo ilitoa ngapi? Kama rejea nayo iko 65, tatizo ni aina ya matope, sio uchafuzi.

Ukitaka kujua ni sumu gani

Hapo unaingia kazi ya pili, unagawa sampuli hiyohiyo na kuitibu kwa njia tofauti halafu unarudia jaribio. Ukichanganya unga wa mkaa wa vifuu vya nazi unanasa sumu za ogani kama mafuta na viuatilifu, wanyama wakipona ujue ndo zilizokuwa zinaua. Zeolaiti inanasa amonia, na mwani wa Ulva kwenye maji ya juu nao unainyonya. Rezini ya kubadilishana ioni inashika metali. Kila tiba iwe na kontroli yake, matope safi yaliyochanganywa na kitu kilekile, maana hata mkaa ukizidi unaweza kuwasumbua wanyama wenyewe.

Na kama siku 10 hazitoshi, labda unahisi sumu ndogo ya muda mrefu, lipo jaribio la siku 28 la Leptocheirus linaloanza na watoto wadogo na kupima uhai, ukuaji na uzazi. Huko wanalishwa, maji yanabadilishwa mara 3 kwa wiki, taa saa 16 na giza saa 8, na kontroli inatakiwa asilimia 80 au zaidi. Kazi yake ni kubwa mno, kuhesabu vitoto vya siku ya 28 peke yake kunakula siku nzima, kwahiyo usilianze mpaka lile la siku 10 umelizoea.

Kwenye ripoti weka data ghafi ya kila bika, usiweke wastani tu. Weka na joto la kila siku, chati ya LC50, tarehe ya kuchota na tarehe ya kuanza, na hayo ya hewa kukatika kama yalitokea. Sampuli iliyobaki ihifadhi kwenye friji mpaka ripoti ikubaliwe, mtu akibisha namba za kituo fulani utahitaji kupima tena chembe au kemia. Matope yaliyotumika yenye uchafuzi yaende kwenye taka hatarishi na maji yake yatibiwe, hayarudi ufukweni.